Nunua kwa tepu, usinunue kwa lebo

Chini ya kitanda changu kuna jozi tatu za viatu na zote zinanitosha. Moja imeandikwa 38, nyingine 39, ya tatu 40. Miguu ni ile ile niliyozaliwa nayo.

Jozi ya nne haiko tena. Niliiagiza mtandaoni kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, 39 kama kawaida yangu. Boda aliileta Ijumaa jioni nikiwa jikoni. Nikajaribu mguu mmoja nikiwa nimekaa kwenye kochi, nikasema iko sawa, nikatuma pesa. Kesho yake saa nane mchana, wenzangu wakisakata ngoma, mimi nilikuwa nyuma ya hema pekupeku, visigino vimechunika, nikitafuta shangazi wa kuniazima ndara. Nilipompigia muuzaji alinijibu kwa swali moja tu: "Si uliitisha 39, siste?" Na kweli nilikuwa nimeitisha 39. Sikuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo sinunui kwa namba. Hapa chini ndivyo ninavyofanya, iwe ni soko la mitumba la Gikomba hapa Nairobi asubuhi, maduka ya Eastleigh mchana au kwenye simu usiku nikiwa kitandani.

Kwanza ujue kwa nini namba hazielewani

Ukielewa hili hutapoteza muda kubishana na wauzaji, maana mara nyingi si wao wanaodanganya.

Namba ya kiatu ya Ulaya, hii ya 38, 39, 40, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7 kila hatua. Namba ya Uingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Kipimo hicho ni cha kale, kimetoka kwenye punje ya shayiri: punje tatu zikipangwa mstari ni inchi moja. Wamarekani nao hutumia hatua hiyo hiyo ya punje, ila wanaanza kuhesabu mahali pengine, na kwa wanawake wanaanza mahali pengine tena. Sasa chukua ngazi mbili uziegemeze ukutani, moja vidato vyake viko karibu karibu, nyingine viko mbali mbali. Vidato vitalingana hapa na pale, kwingine kote vitapishana. Kila kampuni inayochapisha jedwali la kulinganisha namba inakadiria mahali pa kupishana huko, na kila moja inakadiria kivyake.

Angalia lebo zilizo ndani ya ulimi wa raba. Raba ya kiume ya Nike yenye UK 6 imeandikwa pia 40 na sentimita 25. Ya Adidas yenye UK 6 imeandikwa 39⅓ na sentimita 24.5. UK ni ile ile, lakini mguu unaokusudiwa unatofautiana kwa nusu sentimita. Nusu sentimita kwenye kidole gumba si kitu kidogo, muulize aliyewahi kushuka nayo mteremko.

Juu ya hayo, namba ya Ulaya na ya Uingereza haipimi mguu wako. Inapima kalibu, ule mguu wa mbao au plastiki ambao kiatu kinashonewa juu yake. Kalibu huwa ndefu kuliko mguu ili vidole vipate nafasi, na kila kiwanda kinaamua nafasi hiyo iwe kiasi gani. Kiatu chenye ncha kina nafasi nyingi mbele isiyofikiwa na kidole chochote, kwa hiyo kinaweza kuwa kirefu na bado kikakubana.

Kwenye nguo ndiko kwenye fujo yenyewe. Kati ya 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipima wanawake wapatao 15,000 ili kupata msingi wa saizi za nguo. Vipimo vya wanawake wasio weupe viliwekwa kando. Mwaka 1958 ikatolewa kanuni ya saizi kutokana na kazi hiyo, na mwaka 1983 ikaondolewa kabisa, maana watengenezaji walikuwa wameshaiacha. Toka hapo kila kampuni inajiamulia. Wengi waligundua kwamba mteja hufurahi akiingia kwenye nguo ya namba ndogo, basi wakawa wanapanua nguo huku wakipunguza namba. Ndiyo maana gauni kuukuu la miaka ya sabini lililoandikwa 14 linaweza kumkaa mtu anayevaa 8 leo.

Mimi kiuno changu na nyonga zangu havijawahi kusoma kitabu kimoja. Suruali ikinitosha nyonga, kiunoni inaacha pengo la kuingiza ngumi. Miaka mingi niliona mwili wangu una kasoro. Siku niliyojua ni nani waliopimwa na ni nani walioachwa, nililala usingizi mzuri.

Hatua ya 1: Tepu, na uikague kabla ya kuiamini

Nunua tepu ya fundi, ile laini ya sentimita 150. Ni bei ya chai na mandazi. Lakini usiitumie hivyo hivyo. Ilaze kando ya rula ya shule ya mtoto, uone kama sentimita 30 ni 30. Tepu za bei rahisi hurefuka zikivutwa vutwa. Niliwahi kuwa na moja iliyokuwa imezidi karibu sentimita moja kwa mita, na kwa miezi kadhaa niliamini nimepungua kiuno.

Kama huna tepu kwa sasa, karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7 na upana wa 21, popote duniani. Hiyo inatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Pima miguu jioni, yote miwili

Asubuhi mguu ni mdogo. Ukishashinda kutwa umesimama kwenye matatu na kutembea kutoka stendi ya Railways hadi kazini na kurudi, unavimba kidogo. Kiatu utakivaa na mguu huo wa jioni, basi pima huo.

Weka karatasi sakafuni iguse ukuta. Simama juu yake, kisigino kikiwa kimegusa ukuta kidogo tu, uzito wote kwenye mguu huo. Usikae. Mguu uliobeba mwili hurefuka na kutanuka, na hapo ndipo mimi nilipojiponza kwenye lile kochi. Mwambie mtu aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Si lazima kiwe gumba, wengine cha pili ndicho kirefu. Weka alama pia pande mbili za sehemu pana, pale kwenye mafundo ya vidole. Kisha rudia mguu wa pili.

Karibu kila mtu ana mguu mmoja uliouzidi mwingine. Tumia vipimo vya mguu mkubwa. Wangu ni wa kushoto: sentimita 24.5 kwa 9.6.

Ukitaka kupata namba ya Ulaya kwa kukadiria, chukua urefu wa mguu, ongeza sentimita moja na nusu ya nafasi, zidisha kwa moja na nusu. Kwangu: 24.5 na 1.5 ni 26, mara 1.5 ni 39. Kwa hiyo 39 yangu haikuwa uongo. Ilikuwa ni mahali pa kuanzia kutafuta, na mimi nikaichukua kama mahali pa kufika.

Hatua ya 3: Pima nguo unayoipenda, kabla ya kupima mwili

Watu wengi hukimbilia kujizungushia tepu mwilini. Vipimo hivyo utavihitaji: kifua mahali palipojaa zaidi, kiuno mahali pembamba, nyonga mahali panene, na urefu wa ndani wa mguu kutoka makutano ya miguu hadi kifundo. Viandike upesi, usivute tumbo ndani, hakuna anayekuangalia.

Lakini kipimo kitakachokuokoa sokoni ni cha nguo. Una suruali moja ambayo ukiivaa unajisikia mtu. Itoe. Ilaze juu ya meza, funga kifungo, inyooshe kwa kiganja bila kuivuta. Pima:

- Ukanda wa kiunoni, upande hadi upande. Yangu ni 39, kwa hiyo mzunguko ni 78.
- Nyonga, mahali panapoanza kuungana zipu na mshono. Yangu ni 53.
- Kina cha mbele, kutoka ule mshono wa katikati, chini ya zipu, hadi juu ya ukanda.
- Paja, kutoka mshono hadi mshono, mara tu chini ya makutano.
- Urefu wa ndani.

Hicho kina cha mbele ndicho watu hukisahau, na ndicho kinachoamua kama suruali itakaa kiunoni au itakuwa inashuka kila ukiinama kuokota kitu. Suruali mbili zenye kiuno kilekile zikitofautiana sentimita tano hapo ni nguo mbili tofauti kabisa.

Kwa shati na blauzi, pima bega kutoka mshono hadi mshono, kisha kwapa hadi kwapa, kisha urefu wa mkono. Gauni, ongeza urefu kutoka begani.

Andika yote kwenye simu, mahali pa kufikia haraka. Mimi nilijitumia ujumbe wa WhatsApp mwenyewe nikaubandika juu kabisa. Katikati ya Gikomba, watu wakikusukuma na mkokoteni ukipiga kelele nyuma yako, hutapata nafasi ya kutafuta daftari.

Hatua ya 4: Soma lebo ujue imetoka wapi

Sisemi lebo ing'olewe itupwe. Ina habari, ila si ile unayodhani.

Mitumba yetu hutoka pembe nyingi za dunia na beli moja inaweza kuchanganya nchi kadhaa. Gauni la 12 la Uingereza ni 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa, 44 ya Italia, kwa kukadiria. Ukiona gauni mbili zimetundikwa soko la Toi, zote 12, moja ya Uingereza nyingine ya Marekani, ile ya Marekani ni kama 16 ya Uingereza. Si ajabu moja ikakataa kupita mabegani na nyingine ikakuogelea.

Utajuaje? Geuza ile lebo ndogo ya ubavuni yenye maelezo ya kufua. Ukiona herufi RN na tarakimu, hiyo namba imesajiliwa Marekani. CA na tarakimu ni Kanada. Nguo inaweza kuwa imeshonwa Bangladesh au Vietnam na bado imekatwa kwa saizi za Marekani. "Made in" haikusaidii hapa, inakuambia cherehani ilikuwa wapi, haikuambii ilikusudiwa mwili wa nani.

Nguo mpya za Eastleigh na zile za maduka madogo ya orofani mjini nyingi hutoka China, na lebo ya Kichina ndiyo yenye ukweli kuliko zote ukijua kuisoma. Ukiona 165/88A, maana yake nguo imekatiwa mtu wa urefu wa sentimita 165 na kifua cha 88. Herufi ya mwisho ni umbo, yaani tofauti ya kifua na kiuno. Kwenye suruali, ile namba ya pili huwa ni kiuno. Kando ya namba kama hizo huandikwa pia herufi, mfano XL. Achana na hiyo XL. Mtu wa kifua cha 100 akiona XL akalipa, akifika nyumbani atagundua imekatiwa kifua cha 92.

Kwenye viatu tafuta sentimita au milimita: CM, JP, au namba kama 245 peke yake. Hiyo ni urefu wa mguu unaokusudiwa, haina uhusiano na kalibu. Kati ya namba zote zilizobanana kwenye ule ulimi, ndiyo ninayoianzia.

Hatua ya 5: Sokoni

Ukitaka kamera, yaani zile za kwanza kabisa beli inapofunguliwa, utaamka alfajiri na utalipa zaidi. Mimi siku hizi naenda saa tatu hivi, muuzaji ameshatulia na ana subira na mtu mwenye tepu. Wa kwanza walikuwa wananicheka. "Fundi amekuja," waliitana. Sasa yule ninayenunua kwake suruali ananiita hivyo hivyo, na ananiwekea pembeni zile za kina kirefu.

Gikomba hakuna chumba cha kujaribia. Wanawake tunakwenda na taitsi ndani na leso begani: unajifunga leso, unapandisha suruali chini yake, unaangalia, unaitoa. Wanaume nimeona wakivaa juu ya kaptura. Fanya hivyo kila unapoweza. Mvua ikiwa imenyesha na matope yamefika kwenye vifundo, basi tepu inatosha.

Kuna ule ujuzi wa shingo. Muuzaji anachukua suruali, anaufunga ukanda, anakuzungushia shingoni, ncha zikikutana nyuma anatangaza: "Hiyo ni yako, mrembo!" Wazo ni kwamba shingo ni nusu ya kiuno. Kwa baadhi ya watu ni kweli. Mimi shingo yangu ni ya swala na kiuno changu nimekwishawaeleza, kwa hiyo nikifuata shingo nitarudi nyumbani na suruali ya binti yangu. Ule mwingine, wa kuingiza mkono ndani ya ukanda kuanzia ngumi hadi kiwiko, una kasoro hiyo hiyo. Utumie kutupa kando zile ambazo haziwezekani kabisa, kisha toa tepu.

Ilaze suruali kwenye rundo, ukanda sambamba, pima vile vitano. Kwa nguo isiyovutika naruhusu tofauti ya sentimita moja. Kwa jinzi yenye mpira mpira, ukanda unaweza kuwa chini ya wangu kwa sentimita tatu za mzunguko na bado ikanikaa. Ivute kwa mikono miwili uone inarudi au inabaki imelegea. Ikibaki imelegea, mwenye nayo wa kwanza aliimaliza.

Mitumba ina faida moja ambayo nguo mpya haina: imeshafuliwa. Pamba ikishafuliwa mara nyingi imesharudi kiasi cha kurudi, kwa hiyo ulichopima ndicho utakachobaki nacho. Fulana mpya ya pamba iache na nafasi kidogo, hasa kwa urefu.

Na kama unanunua jozi mbili za suruali moja, saizi moja, rangi mbili, pima zote mbili. Kiwandani vitambaa hupangwa tabaka nyingi, kisu kinapita mara moja, na tabaka la juu halitoki sawa kabisa na la chini. Kisha fundi mmoja anashona mshono mpana kidogo kuliko mwenzake. Sentimita moja hapa na moja pale, unashangaa kwa nini ya bluu inafunga na nyeusi inagoma.

Viatu vya mtumba huwa vimeoshwa na kujazwa magazeti ili visimame. Toa gazeti kwanza. Kisha, kama soli ya ndani inatoka, itoe uiweke chini, usimame juu yake. Kisigino kikae mahali pake, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Pande zote mguu usimwagike nje ya soli. Kipimo hiki kimoja kimeniokoa kuliko vingine vyote. Angalia pia alama ya mguu wa mwenyewe wa kwanza: ikiwa vidole vyake vimechimba mashimo mahali ambapo vyako havifiki, utatembea ndani ya mguu wa mtu mwingine.

Kama haitoki, vaa vyote viwili, na soksi utakayovalia. Tafuta ngazi au jiwe, panda, shuka. Kwenye kushuka, vidole vikigonga mbele, rudisha. Muuzaji atakwambia kitapanuka. Ngozi hupanuka upana. Urefu haupanuki hata ukikivaa mpaka uzeeni.

Hatua ya 6: Mtandaoni, kabla ya kutuma pesa

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nimekuwa mkali. Natuma ujumbe huu, huwa nimeuhifadhi:

"Habari yako. Nimependa viatu vya kahawia. Tafadhali toa soli ya ndani uipime kwa tepu kutoka mwisho hadi mwisho, unitumie picha tepu ikiwa imelazwa juu yake. Pia upana wa mbele. Vikikataa kunitosha, nabadilisha ndani ya siku ngapi, na boda analipwa na nani?"

Anayejibu kwa picha, tunaendelea. Anayejibu "39 ni 39 dia", namwacha na 39 yake.

Picha ikija, kumbuka soli si mguu. Mtu akikuambia sentimita 24.5 muulize: ni urefu wa soli au ni ile iliyoandikwa kwenye lebo? Kama ni soli, kiatu cha 24.5 kitanibana, kwa sababu mguu wangu wenyewe ndio 24.5. Nahitaji soli ya 25.5 hadi 26. Kama ni lebo ya CM, basi 24.5 ndiyo yangu. Watu wengi wanaolalamika kwamba "hata sentimita zinadanganya" walichanganya hivi viwili.

Kwa nguo, omba vipimo vya nguo ikiwa imelazwa, si jedwali la S, M, L lililokopiwa mahali. Linganisha na ule ujumbe wako uliobandikwa juu.

Kisha kulipa. Panga ulipe mzigo ukifika, na mwombe boda asubiri dakika tano. Wengi hukubali ukiwaambia mapema, hukasirika ukiwashtukiza langoni. Jaribu umesimama, miguu yote miwili. Ile karatasi ya "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi" isikuzuie kuuliza: Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa anayonunua. Sijawahi kumnukulia muuzaji kifungu hicho, na sidhani kingenirudishia pesa zangu za viatu vya harusi. Lakini kuomba picha ya tepu si usumbufu.

Watoto

Kwa kifupi, maana Januari kila mzazi yuko mbioni kati ya River Road na Biashara Street na hana muda.

Namba za watoto za Uingereza hufika 13 kisha zinaanza tena 1. Mtoto aliyetoka 13 anaenda 1, hajarudi nyuma. Muuzaji mgeni akikuletea 1 ya mtoto mchanga, usimgombeze.

Huhitaji kumvuta mtoto hadi mjini. Kata kipande chembamba cha katoni chenye urefu wa mguu wake mkubwa, uongeze sentimita moja na robo. Dukani kiingize ndani ya kiatu mpaka mbele. Kikijikunja, kiatu ni kidogo. Kikiacha nafasi ya zaidi ya sentimita moja nyuma, ni kikubwa mno. Najua ule msemo wetu wa "atakua nacho". Sweta atakua nayo, sawa, unakunja mikono. Kiatu kikubwa kinamwangusha, na kabla hajakifikia kimeshapasuka ubavuni kwa kucheza mpira.

Nguo zilizoandikwa umri zisome kwa urefu. Nyingi za Ulaya huweka sentimita kando ya miaka, kama 128. Hiyo ni kimo cha mtoto, na mtoto wa miaka saba wa kwenu anaweza kuwa na kimo cha wa tisa wa kwao.

Hatua ya mwisho: Fundi anaweza nini, na hawezi nini

Kabla ya kuacha nguo nzuri kwa sababu imekosea kidogo, jua kinachotengenezeka. Fundi wa cherehani pembeni ya soko hupunguza urefu wakati unasubiri. Kiuno cha suruali hupunguzwa sentimita tatu, nne, hata tano kwa kuufungua mshono wa nyuma, na hii ndiyo siri yangu: nanunua kwa nyonga, kiuno namwachia fundi. Kupanua ni habari nyingine. Geuza nguo nje ndani uone kitambaa kilichobaki pembeni ya mshono. Kikiwa na upana wa kidole, kuna akiba. Kikiwa kimekatwa karibu na uzi na kuzungushiwa nyuzi, hakuna fundi wa kukitoa hewani.

Bega usiliguse. Bega likiwa kubwa, fundi atakubali kazi, atachukua pesa, na koti litarudi kama limeokolewa motoni. Kina cha mbele vile vile.

Kiatu cha ngozi kinachobana upana, mpelekee fundi wa viatu mwenye kalibu za kupanulia. Atakilowesha, atakiacha na kalibu siku moja au mbili. Mwonyeshe hasa ni wapi kinapobana, uweke chaki. Kwa raba za plastiki usipoteze nauli.

Na kama miguu yako ni ya kugombana na kila kiwanda, nenda soko la Kariokor kwa washona sandali. Unavua kiatu, unakanyaga kipande cha ngozi, jamaa anakuzungushia kalamu mguu wa kulia, kisha wa kushoto, anakata. Hakuulizi namba. Zangu nimezivaa miaka minne, ya kushoto ndefu kidogo kuliko ya kulia, kama miguu yenyewe.

Zile za harusi nilizipiga picha na tepu ikiwa ndani, nikaandika urefu wa soli, nikazitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Zilichukuliwa siku hiyo hiyo na jirani wa orofa ya tatu, anayevaa 37. Alinilipa nusu ya bei. Anasema zinamkaa vizuri, ila ya kushoto inambana kidogo.